Aliyebisha Hodi Kutoka Ndani ya Bedford

Alasiri gari lile lilipoingizwa uani huko Ngokolo, Shinyanga, mwaka 1952, waliokuwapo ni hawa: Valerian Bujiku, dereva, aliyelinunua, Nyamizi Luhende, mkewe, Paskazia Kabula, mama mzazi wa Valerian, na Bartholomeo Maganga, fundi wa magari. Donatus, mwenye maksai waliolivuta kutoka barabara kuu, alikuwa amekwisha kuondoka. Wa tano hakuonekana, na jina lake halikupata kujulikana.

Lilikuwa Bedford bovu, lililolala muda mrefu nyuma ya machimbo ya dhahabu karibu na Geita. Dereva wake wa mwisho aliangukia usukani akafa humo humo, na tangu hapo hakuna aliyelitaka. Valerian alilitaka kwa vipuri tu. Alikuwa na lori lake kuukuu lisilo na usukani wala giaboksi, na akishalikamilisha hangeendesha tena magari ya watu.

"Hili, bwana," Bartholomeo alisema akilizunguka, "hata kuku hawezi kutagia humu. Atasingizia tumbo."

"Wewe fungua bolti, acha mdomo."

"Mdomo ndio spana yangu ya kwanza."

Hapo mlango wa gari ukagongwa, kwa ndani, taratibu, kama unavyogongwa na mtu mwenye adabu. Sauti ikasema, "Hodi."

Valerian alikuwa ameinama ndani ya boneti, akili yake yote kwenye bolti. Akajibu kama alivyolelewa. "Karibu."

Bartholomeo akaacha kucheka. Mlango ukafunguka, kisha ukafungwa. Hakushuka mtu. Ila harufu ya udongo mbichi wa shimoni, uliochanganyika na baruti, ilipita katikati yao ikaingia ndani ya nyumba.

"Umemkaribisha nani?" Paskazia aliuliza.

"Nilidhani ni Donatus, mayu," Valerian alimwambia mama yake.

"Donatus angebisha kutoka ndani ya gari?"



Tangu siku ile Nyamizi hakushiba. Wengine walikula vizuri, lakini yeye, aliyekuwa mpishi wa nyumba, kila alipojipakulia, mvuke ulikatika ghafla, na tonge alilotia kinywani lilikuwa halina ladha, kana kwamba limekwisha kutafunwa na mwingine. Mashavu yakabonyea. Kanga ikaanza kumvuka kiunoni.

Jioni moja alimvuta mumewe nyuma ya jiko.

"Usiseme kwa sauti," alinong'ona. "Yupo. Leo ameniita kwa jina. Ameomba maji ya kunawa."

"Ukamjibu?"

"Nilimpelekea, Valerian. Ningefanyaje? Ni mgeni."

Valerian akaingia ndani na kukiona kile kiti cha wageni, kiti ambacho hakuna aliyekikalia siku zile ingawa hakuna aliyekatazwa, na mbele yake bakuli la maji lililogeuka jekundu kwa udongo wa machimboni, na alipokuwa bado amesimama akijiambia kwamba ni vumbi tu la uani, kiti kikalia kama kinavyolia mtu mzito anaposogea kumpisha mwenye nyumba apite.

Bartholomeo ndiye aliyemleta mganga, Sikujua wa Ushetu, mwanamke mfupi aliyevaa kaniki. Alikinusa kiti, akarudi nyuma, akawatoa wote nje.

"Dawa yangu humtoa aliyeingia kwa nguvu," alisema. "Huyu alibisha, akajibiwa. Ni lazima asindikizwe kama mgeni yeyote. Wewe uliyemjibu utachukua kile alichokishika yule dereva wa mwisho, umfikishe barabara kuu, usigeuke."

"Akituaga?" Valerian aliuliza.

"Asijibu mtu. Atakayemwambia 'karibu tena' amempa ahadi. Atarudi kumchukua huyo."

"Na tukimwacha akae?"

Sikujua akamtazama Nyamizi. "Huyu hamalizi mwezi."

Asubuhi Valerian alisimama mlangoni, usukani wa Bedford mikononi. Ndani kiti kikalia. Hatua zikaja polepole, na ile harufu ya baruti, zikasimama kizingitini.

"Mama Valerian, asante kwa kunipokea."

Paskazia akatazama chini.

"Fundi Bartholomeo, asante kwa mazungumzo."

Bartholomeo alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nyamizi, binti Luhende, umenilisha, umeninawisha, na sasa natoka. Nyumba hii haina mtu wa kuniaga?"

Nyamizi alikuwa amelelewa kwa watu ambao mgeni hakutoka kwao bila neno, na neno lile lilikuwa limekaa kinywani mwake tangu utoto, na udhaifu wa siku zote zile ulikuwa umemmaliza nguvu ya kulizuia, hivyo midomo yake ikafunguka yenyewe. "Kari..."

Paskazia akamziba kwa kiganja.

"Karibu tena, baba," Paskazia alisema, kwa sauti ile ile aliyowaagia wageni wake wote. "Ukija, uliza mimi. Paskazia Kabula."

"Mayu!" Valerian alipiga kelele, nusura ageuke.

"Nenda!" Sikujua alimsukuma mgongoni. "Ukigeuka, umewapoteza wote wawili."

Akaenda. Usukani ulikuwa mzito kama gunia la pamba iliyolowa, na hatua zilimfuata begani, zikienda alipokwenda na kusimama aliposimama, mpaka alipoikanyaga barabara kuu, uzito ukamtoka mikononi, na mbele yake pakawa na vumbi la magari tu. Akauacha usukani pale, akarudi mbio.

Nyamizi alikuwa ameketi jikoni, anakula. Ugali ulikuwa unafuka moshi. Alikuwa akila na kulia kwa pamoja, na Paskazia amechuchumaa karibu yake akimwongezea mlenda.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kuna mwingine."

Paskazia Kabula alifariki Jumatatu iliyofuata, mchana, akiwa ameketi uani.