Kuhesabu Kaya za Mtakuja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zipora alichota ndoo mbili za maji na kuzipeleka zahanati, ambako mama yake, Eufrasia, alikuwa muuguzi na mkunga. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kuchemshia sindano, ya pili ya kunawia mikono na kupigia deki. Kisha alikunywa uji wake akiwa amesimama, akapangusa vumbi miguuni, akakimbilia Shule ya Msingi Ikonongo kabla kengele haijagongwa.

Mwaka huo wa 1996 alikuwa darasa la sita, tena mmoja wa wale watoto ambao walimu huwapenda bila kujificha. Mwandiko wake ulinyooka, daftari zake hazikukunjika kona, na hakuwahi kuacha swali bila jibu. Mwalimu Kalisti, aliyewafundisha hesabu na jiografia, alikuwa na maneno yake ya siku ya mtihani: "Usiache pengo! Andika chochote, huenda ukapata." Wenzake waliyasahau maneno hayo wakishatoka darasani. Zipora, maskini, aliyashika kama amri.

Jumatatu moja gari la ofisi ya mkoa liliingia uwanjani mwa shule. Alishuka Bi Klara, afisa mipango kutoka Shinyanga, mama mwenye miwani minene na ramani iliyokunjwa mara nyingi hata ikaanza kutoboka. Aliitandaza ramani juu ya meza ya mwalimu, wanafunzi wa darasa la sita wakaizunguka.

"Serikali inapanga kupeleka simu vijijini," alisema. "Lakini nguzo na nyaya ni chache, na vijiji ni vingi. Kwa hiyo tunahesabu kwanza. Kijiji chenye kaya mia nne kitaingia awamu ya kwanza, kitapata simu moja katika ofisi ya kijiji. Kikifikisha kaya mia nne na hamsini, kitapata laini ya pili. Hiyo ya pili tutaipeleka zahanati."

Zipora aliposikia neno zahanati alisimama wima. Mwezi Machi, dada mmoja aitwaye Serafina alipatwa na uchungu wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya tumboni. Simu ya karibu ilikuwa misheni, kilomita thelathini na moja kutoka pale. Mama alimtuma mtu kwa baiskeli akapige simu Kahama kuomba gari, na gari lilifika siku ya pili saa nne asubuhi. Serafina alipona. Mtoto hakupona. Kwa wiki nzima baada ya hapo, Mama alikuwa akisimama ghafla katikati ya kazi na kuitazama barabara.

"Kaya si mlango," Bi Klara aliendelea. "Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mtaandika jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, na mahali wanakokwenda wakiwa na habari ya haraka. Nitarudi Ijumaa."

Mwalimu Kalisti aliwagawia sehemu wanafunzi wanane wenye mwandiko mzuri. Zipora alipewa Mtakuja, kambi ya wachimbaji wa dhahabu iliyoshikana na kijiji, kwa sababu zahanati ilikuwa mpakani mwa kambi hiyo na kila mtu alimfahamu mtoto wa nesi.

Kumfahamu ni kitu kimoja, kumfungulia mlango ni kingine. Katika nyumba ya kwanza sufuria ilikuwa jikoni inatokota, mlango umefungwa. Zipora alipiga hodi. Ndani mtu akakohoa. Akapiga hodi tena, na kikohozi kile kikazibwa kwa kitu kama nguo. Nyumba ya pili mama mmoja alitoka na kumwambia kwamba mume wake yuko Nkome, ziwani, tangu wiki iliyopita, amefuata dagaa. Pembeni mwa mlango palikuwa na mabuti ya kiume, tope lake bichi kabisa.

"Shikamoo, mama. Mimi si wa kodi. Ni fomu za simu tu."

"Marahaba, mwanangu. Na waliopita mwezi uliopita nao walikuwa na fomu."

Hapo Zipora alielewa. Mwezi uliopita mgambo walipita Mtakuja na karatasi, wakauliza majina kwa sauti ya upole, kisha wakaondoka na wanaume kumi na wawili ambao hawakuwa na risiti ya kodi ya maendeleo. Tangu siku hiyo, mtu mwenye karatasi mkononi akionekana, kambi nzima ilihamia chini ya kitanda.

Hadi Alhamisi alasiri alikuwa amejaza fomu thelathini na nane tu. Alijua kijiji chenyewe kilikuwa na kaya mia mbili hamsini na saba, kwani wenzake walikwisha kumaliza. Akajumlisha, akapata mia mbili tisini na tano. Hata mia tatu hazikufika. Zipora alikaa nyuma ya zahanati na bunda la fomu tupu magotini, na machozi yalimlengalenga.

Watu si wapo? alijiuliza. Nimeiona milango yao. Alikwenda akaihesabu yote, akapata mia moja sitini na minne. Akarudi, akachukua kalamu. Mlango mmoja, kaya moja. Majina aliyabuni kwa kuchanganya ya wenzake: Marcel akamuunganisha na Maduhu, Maduhu akamgeuza kuwa jina la kwanza, na orodha ya majina ya darasani ilipokwisha aliianza upya kutoka chini. Watu watano, watu saba, watu wanne. Wala hakuongeza mlango hata mmoja, asije akaonekana mroho. Fomu mia moja ishirini na sita zilijaa kabla jua halijazama, mwandiko umenyooka kama kawaida yake.

"Mia nne ishirini na moja!" Mwalimu Kalisti alitangaza Ijumaa asubuhi, na darasa zima likapiga makofi. Zipora alipiga pia, ila hakumtazama mwalimu.

Bi Klara hakupiga makofi. Alizichukua fomu, akazisaini chache, kisha akachomoa tano kutoka katikati ya bunda la Mtakuja. "Nina desturi ya kwenda kuona mwenyewe," alisema. "Mwalimu, twende. Na wewe binti, utatuongoza."

Fomu mbili za kwanza zilikuwa za kweli, Zipora akapumua. Ya tatu iliwafikisha kwenye kibanda ambacho mbele yake alikaa kijana anayenoa tindo. Alikuwa Mabula, mume wa Serafina.

"Habari za kazi," Bi Klara alisema. "Hapa ndipo anapokaa Marcel Maduhu, mwenye watu saba?"

Mabula aligeuka akatazama mlango, kana kwamba na yeye anataka kuhakikisha. "Hapa? Hapa zinakaa sululu na kamba za kushukia shimoni, kwenye duara, mama. Hao watu saba labda panya."

Jirani yake, katika mlango mmoja ulioandikwa kaya moja ya watu wanne, akina mama watatu walikuwa wakisonga ugali kwenye mafiga matatu. Bi Klara alivitazama vyungu vile, akaitazama fomu, akavua miwani.

"Mwalimu Kalisti, nani alijaza fomu hizi?"

Mwalimu aliiangalia fomu. Alikwisha kuutambua mwandiko. "Shule ndiyo iliyozijaza, na mimi ndiye niliyezipokea bila kuzikagua. Lawama ni yangu."

"Basi nasikitika. Nina vijiji arobaini vinavyosubiri, na kila kimoja kingependa kuongeza watu kwenye karatasi. Siwezi kuzitumia hesabu za Ikonongo." Akafungua kitabu chake, akatafuta jina la kijiji, akaiweka kalamu tayari kulikata.

"Bibi, usikate!" Zipora alisikia sauti yake mwenyewe. "Ni mimi. Mwalimu hajui kitu. Nilikuja siku nne, hawakunifungulia. Wanaogopa jina. Mgambo walipita na karatasi, sasa wakiulizwa jina tu wanadhani ni kodi. Nikaona nikiacha mapengo tutakosa simu, nikabuni. Nisamehe, Bibi. Tafadhali usikate." Akalia kweli sasa, kilio cha kwikwi, mbele ya wachimbaji waliokuwa wameanza kuchungulia.

Mwalimu Kalisti alimshika bega. "Haya mambo ya mapengo nimekufundisha mimi," alisema polepole. "Nilifundisha kufaulu mtihani nikasahau kuna kazi ambazo si mtihani. Nami niombe radhi."

Mabula naye alikuwa ameweka tindo chini. "Mtoto hasemi uongo sasa," alimwambia Bi Klara. "Nyumba yangu ndiyo aliyoanza nayo. Nilikuwa ndani, kikohozi kimenibana, nimejiziba na blanketi. Ningejua ni habari ya simu ya zahanati..." Hakumaliza. Kila aliyekuwa pale alijua habari ya mwezi Machi.

Bi Klara alivaa tena miwani yake. Kisha akaichukua fomu moja, akaiangalia kwa makini kama mtu anayeisoma mara ya kwanza.

"Hebu niambieni," alisema, "nguzo ya simu inahitaji jina la mtu ili isimame? Haihitaji. Jina niliweka kwa mazoea, nikiwa mezani kwangu Shinyanga, bila kujua kwamba karatasi za mgambo zimenitangulia huku. Hapo nilikosea mimi." Akachora mstari mzito juu ya safu ya majina. "Jumapili saa sita mchana ninaondoka. Nileteeni idadi ya vyungu na ya watu, bila majina. Nitakagua tena, na safari hii nitakagua kumi."

Jioni hiyo Zipora alimweleza mama yake kila kitu. Alitarajia fimbo. Eufrasia alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kabati la dawa, akasema, "Kesho utakwenda, na utawaambia watu ulichofanya. Usipowaambia hilo, hawatakuwa na sababu ya kukuamini." Zipora angeona afadhali fimbo.

Jumamosi asubuhi Serafina alikuwa anamngoja kando ya njia, khanga imefungwa vizuri kiunoni. Mabula alikuwa ametangulia kupita kwenye maduara kuwaarifu wenzake.

"Mwangaluka, mayu," Serafina alimwamkia kwa Kisukuma mama wa mlango wa kwanza. "Tokeni. Ni mimi. Mtoto ana neno."

Zipora alisema neno lake: "Nilikuja nikawakosa, nikaandika majina na watu wa kubuni. Nilikosa, mnisamehe. Leo sitaki majina. Nataka kujua vyungu vingapi vinapikwa hapa, na watu wangapi wanakula."

Alilirudia neno hilo zaidi ya mara mia siku ile. Wapo waliocheka, wapo waliofoka, na mzee mmoja alimwambia kwamba watoto wa siku hizi hawana haya. Mara mbili alitaka kukimbia arudi nyumbani. Lakini Serafina hakuondoka ubavuni pake, na milango ilifunguka. Akina mama wakatoka na vijiko vyao, wanaume wakatoka na mabuti yao. Kila kibanda kilichohesabiwa Zipora alikitia alama ya chaki. Vibanda kumi na vinane vilikuwa stoo au vitupu, akaviandika sifuri. Vingine alivyodhani vina familia moja vilikuwa na mbili, tatu, kimoja hata nne, maana wageni wa machimboni hupanga pamoja wakigawana kuta. Alipofika nyumbani sauti ilikuwa imemkauka.

Jumapili, Bi Klara alichomoa fomu kumi, akazunguka nazo Mtakuja nzima. Zote kumi zilikuwa sahihi. Alirudi zahanati, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na kujumlisha, Mwalimu Kalisti akijumlisha pia pembeni yake.

"Mtakuja, kaya mia mbili na sita," alisema. "Na zile mia mbili hamsini na saba za kijiji..."

"Mia nne sitini na tatu," Mwalimu alimaliza.

Eufrasia aliyekuwa anakunja bandeji aliacha kukunja. "Imezidi mia nne na hamsini," alisema kwa sauti ndogo. "Zahanati imo?"

"Imo. Nimeiandika kwa wino." Bi Klara alimgeukia Zipora. "Lakini lini, siwezi kukuahidi. Huu ni mpango. Pengine miaka miwili, pengine mitatu. Nisije nami nikakubunia."

Zipora alikuwa bado anahesabu kichwani, na alipomaliza aliona aibu upya. Kwa zile mia nne ishirini na moja za Ijumaa, kijiji kingepata simu moja tu, ile ya ofisini, ambayo hufungwa saa tisa na nusu. Zahanati ingekosa. Na angeikosesha yeye, mtoto wa nesi.

"Mama," alisema, "uongo wangu ulikuwa mdogo kuliko ukweli."

Eufrasia alimvuta akae karibu yake, na hapo Zipora aliona kwamba macho ya mama yake yamelowa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Wanaopanga mambo haya wako mbali. Hawatuoni. Wanatuona kwa karatasi tu, na wewe ndiye uliyepewa karatasi hiyo. Wale wa Mtakuja walijificha kwa hofu, na mtu mwenye hofu utambembeleza mpaka atoke. Lakini wewe uliwaficha watu kwa kalamu. Mtu aliyefichwa hivyo hata akiugua, hata akilia, hakuna atakayejua kwamba yupo."

"Sitarudia, Mama."

"Najua. Jana nilikusikia kutoka hapa, nyumba hadi nyumba."