Aliyezikwa kwa Mdomo

Mvua iliwashukia watu wa stendi ya Ifakara bila hodi, kila mtu akakimbilia kibaraza alichokiona. Kijana mmoja mwenye koti la mvua, ndoo ya samaki mkononi, alijibanza mlangoni mwa saluni ya Yunis. Kabla hajasalimia, kambale mmoja aliruka kutoka kwenye ndoo, akatua sakafuni katikati ya machanuo na rasta. Wateja wakapanda juu ya viti.

Yunis, amependeza ndani ya gauni la kitenge cha njano, alimtazama samaki, kisha akamtazama mwenye samaki.

"Huyu amekuja kusuka rasta au kupikwa?"

"Msuke unavyoona mwenyewe," kijana akajibu kwa uso mkavu. "Ila ana kichwa kigumu."

Aliitwa Anselim. Alikuwa akichukua samaki Kivukoni, kando ya mto, na kuwauza mjini kwa pikipiki. Tangu siku hiyo simu ya Yunis haikupoa.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe je, muuza kambale?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi leo utalala njaa, nakata simu."

Wala hakuikata. Mapenzi yakakolea, hata wasusi wenzake Yunis wakawa wanamwita Anselim shemeji kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alipomuuliza Yunis kuhusu wazazi wake, Yunis alisema baba hakumjua, na mama alifariki zamani. Anselim akampa pole, asiulize tena.

Lakini mama hakuwa amefariki. Levina alimwacha binti yake kwa bibi huko Mchombe akiwa mtoto wa miaka sita, akamfuata mkata miwa mmoja Kidatu. Hata bibi alipozikwa hakuonekana. Yunis alipokuwa akisema amekufa, hakuona kwamba anadanganya. Aliona anatoa hukumu.

Ndipo siku moja akapigiwa simu na kondakta wa basi. "Dada, njoo stendi, una mgonjwa wako. Nimeiona namba yako kwenye simu yake, ameiandika 'Mwanangu'." Namba hiyo Levina aliwahi kuiomba kwa watu wa Mchombe, ila hakuipiga hata siku moja.

Kiharusi kilikuwa kimemchukua Levina upande mzima, mdomo umepinda, maneno yameisha. Yule mkata miwa alikuwa amempakia kwenye basi kama mzigo. Yunis alisimama pale stendi akitamani ardhi immeze. Mwishowe akaita bajaji.

Alikuwa na chumba na sebule. Alimlaza mama chumbani, akashusha pazia zito. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji, yote bila neno. Asubuhi alimfungia kwa kufuli, akaenda kazini na ufunguo shingoni, ukimkaba kama kitanzi. Jirani yake Konsolata ndiye peke yake aliyejua.

"Nguvu zake alimpa nani?" Konsolata alimwambia. "Huyo ndiye amuuguze. Mrudishe Kidatu."

Yunis aliendelea kukamua nguo za mgonjwa, akiwaza. Akimrudisha, atakuwa amefanya kile kile alichofanyiwa. Akimwambia Anselim, ataonekana mwongo. Akawa hana pa kutokea. Kila pikipiki iliyopita uchochoroni ilimshtua.

"Mpenzi, mbona siku hizi tunaonana barabarani tu?" Anselim alimuuliza kwenye simu.

"Nyumba haijapangika."

"Mimi nakuja kukuona wewe, siji kuona makochi."

Jumapili moja alifika bila taarifa, kuku wa kukaanga kwenye mfuko. Yunis akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo. Nyuma ya pazia kikasikika kikohozi kizito, cha kukwaruza.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu."

Kikohozi kikarudi.

"Hakuna mtu, anakohoa namna hiyo?" Anselim alitikisa kichwa. "Ungeniambia tu kwamba una mtu wako." Akamkabidhi mfuko, akaondoka. Simu yake ikawa haipatikani.

Yunis aliingia chumbani, mfuko wa kuku bado mkononi. "Uliniacha mara ya kwanza," alimwambia mgonjwa. "Sasa umeniondolea na huyu."

Kuanzia hapo Levina akagoma kula. Kijiko kikifika, anakaza meno. Uji unatiririka shingoni. Yunis alidhani ni jeuri. Siku iliyofuata, mama alipousukuma mkono wake kwa vidole dhaifu na kumwonyesha mlango, ndipo alipoelewa. Mwanamke huyu alikuwa anajaribu kufa ili amwachie nafasi.

Hasira aliyoilea tangu utotoni ikakosa pa kukaa. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwa nini aliachwa, na pengine hakuna sababu ambayo ingetosha. Akainua tena kijiko.

"Kula, mama," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu aachwe. "Kula, mama yangu."

Levina akafungua mdomo.

Kesho yake Yunis alikwenda Kivukoni, akamkuta Anselim akipanga samaki kando ya mitumbwi.

"Anayekohoa ni mama yangu," alimwambia.

"Mama yako alifariki."

"Nilimzika kwa mdomo wangu." Akamweleza yote.

Anselim aliweka samaki chini. "Mtu anayemzika mama yake hai, mimi atanizika lini?"

"Nimekuja ujue tu. Nirudi, nimemfungia peke yake."

Hakumbembeleza. Alipanda bodaboda, akalia njia nzima.

Jumamosi Anselim alibisha hodi, shati jeupe limepigwa pasi. Akaomba kupitishwa nyuma ya pazia, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Levina akahangaika na mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno.

"Nilisikia kikohozi chako nikadhani wewe ni mwanamume. Nikakuhukumu wewe, nikamhukumu na mwanao. Nisamehe, mama."

Upande mmoja wa uso ukacheka. Anselim akamgeukia Yunis. "Chumba hiki hakina hewa. Kwangu kuna chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, atakaa huko."

"Nani amekwambia tunahamia kwako?"

"Bado sijaomba. Nina neno la posa, na posa hupelekwa kwa mzazi. Sasa niambie, nianze na nani?"

Yunis alimtazama mwanamke yule aliyelala, akamsogezea mto akae vizuri.

"Anza na mama," alisema. "Zungumza taratibu. Anasikia."