Uwanja wa Katikati ya Maktaba

Siku ya soko pale Kyela mjini, ukisimama katikati ya njia umejitakia mwenyewe. Ipyana alisimama. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vya ngozi visivyojua tope, na begani amening'iniza bomba refu jeusi la plastiki. Alipogeuka kutafuta bajaji ya Ngonga, bomba likasukuma debe la mchele kwenye meza ya watu, mchele wote ukaenda chini.

"We kaka wa bomba!" sauti ya kike ikapaa. "Kama umekuja kutuvutia maji, mtaro uko kule!"

Mwenye sauti alikuwa Anyes, binti wa mzee Wilson wa Ngonga. Gauni jeusi, kitenge cha manjano kiunoni, nywele kasuka twende kilioni. Ipyana alimtazama zaidi ya inavyoruhusiwa kumtazama mtu uliyemmwagia mchele.

"Ndaga, dada," akajiumauma.

Anyes akaangua kicheko. "Ndaga ni asante, na ndaga fijo asante sana! Unanishukuru kwa hasara?"

"Nimekulia Dodoma. Kinyakyusa changu kiliishia kwa bibi."

"Basi okota. Ukimaliza nitakuonyesha bajaji zinapopakia."

Aliokota, suruali ikigusa vumbi, huku akieleza kwamba yeye ni msanifu majengo, bomba lile ni la kubebea ramani, na ametumwa kuchora maktaba na kituo cha wanafunzi cha tawi la chuo kikuu litakalojengwa Ngonga. Hapo Anyes akaacha kucheka. Shamba lenyewe lilikuwa la baba yake.

Jioni ileile akampitisha shambani. Mzee Wilson alikuwa ameshakubali kulitoa na kuhamia ng'ambo ya barabara. Jambo moja tu lilikuwa halijasemwa vizuri. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, lilikuwepo kaburi la mkewe, maana watu wa huku hawapeleki wafu wao mbali. Wanakaa nao nyumbani.

"Huyu ni mama," Anyes alisema. "Masika maji yanajaa mpaka hapa msalabani. Nikiwaza amelala majini, usingizi unakata."

Ipyana akatoa futi kamba. Akapima kaburi urefu na upana, akaandika kwenye daftari.

"Maji hayatafika tena. Na hakuna atakayemgusa."

"Unaahidi kama mchora ramani, au kama nani?"

"Kama mtu anayetaka kuja kwa mzee Wilson na washenga."

Anyes akainama kutengeneza kitenge ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Miezi sita iliyofuata simu ndiyo iliyowalea. Ipyana alipiga kutoka Dodoma kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe acha chipsi, utakuja huku nikuone kitambi mbele, wewe nyuma."

"Nitakula mchele wako nikija."

"Utakula ule uliouokota chini."

Lakini kule Dodoma kulikuwa na kamati ya ujenzi wa chuo, na kamati ilitaka kaburi lihamishwe. Ipyana akatumia akili. Akachora maktaba yenye uwanja wa wazi katikati, palepale penye kaburi, vyumba vya kusomea vikiuzunguka, akawaambia wakubwa kwamba Kyela kuna joto, jengo linahitaji hewa na mwanga. Nani atabishana na hewa? Neno kaburi hakuliandika popote. Wala hakumwambia Anyes, akihofu habari isitoke Ngonga ikaifikia kamati kabla sahihi hazijawekwa. Tena, tuseme ukweli, alitaka siku moja amshike mkono amwonyeshe na auone uso wake. Hapo alikosea, na mimi simtetei.

Jumatano moja nakala ya ramani ikabandikwa ukutani ofisi ya kata. Anyes akaifuata kwa kidole. Njia ipo. Kisima cha zamani kipo. Pale pa mama pana mraba mweupe, hapana hata msalaba. Akapiga simu hapohapo.

"Ipyana, kisima umekichora. Mama yangu yuko wapi?"

Ipyana alikuwa kwenye korido, wajumbe wa kamati wamesimama karibu naye wakicheka mambo yao. Akashusha sauti. "Siwezi kuongea. Nipe mpaka Ijumaa. Usimwambie mtu, niamini tu."

"Nijibu. Yupo au hayupo?"

"Anyes, tafadhali. Ijumaa." Simu ikakatwa.

Anyes alikaa kwenye ngazi za ofisi ya kata na kulia mbele za watu. Alimwamini mgeni, akampeleka mwenyewe mpaka kaburini, kumbe alikuwa anampimia pa kuchimba! Alipofika nyumbani akamwambia baba yake kwamba afadhali wamhamishe mama wenyewe kwa sala kuliko kungoja afukuliwe na mtambo. Kibali kikatafutwa mbiombio. Jumamosi wajomba wakaja kutoka Talatala, mchungaji akaomba, majembe yakaanza. Anyes ndiye aliyeshika shuka jipya jeupe la kumpokelea mama yake. Sitaeleza zaidi. Walimzika tena Talatala, kwa ndugu zake.

Ijumaa ile, siku moja kabla ya majembe, ramani ilikuwa imeshagongwa muhuri. Ipyana alitaka kuileta habari ile mwenyewe, hakupiga simu, akapanda basi la Jumapili. Jumatatu asubuhi alifika Ngonga akitabasamu peke yake, akapita nyuma ya nyumba, akakuta shimo.

Alipiga simu mara kumi na moja. Anyes alikuwa ameshamfungia.

Mzee Wilson akamkuta ameketi juu ya kifusi. "Nenda, mwanangu. Umetuumiza vya kutosha."

Ipyana alifungua mdomo aeleze. Ramani alikuwa nayo mkononi. Akalitazama lile shimo, akamtazama yule mzee mwenye udongo bado kwenye kucha, akaona kwamba akisema, mzee atajua amemfukua mkewe bure. Akafunga mdomo.

"Nisamehe, baba," alisema, akaondoka.

Miaka mitatu Anyes alimchukia sana, na alimlilia vilevile. Chuo kilipofunguliwa aliapa kutokanyaga. Lakini Felista, rafiki yake wa tangu shule, alipata kazi maktaba, akamwombea nafasi ya kuleta mchele kwenye mgahawa wa kituo cha wanafunzi. Siku ya kwanza tu kupeleka, mwezi wa nne, mvua ikamkimbiza mpaka ndani ya maktaba.

Akasimama mlangoni, maji yakimtiririka. Katikati ya jengo ulikuwepo uwanja wa wazi, na migomba ileile. Umezungushiwa ukuta mfupi wa mawe na mitaro. Madirisha yote ya kusomea yameuelekea. Na katikati ya sakafu, kipande cha nyasi kilichoachwa bila saruji. Urefu na upana wake Anyes aliujua. Ulipimwa mbele ya macho yake.

"Mafundi walitaka kupasakafia," Felista alisema nyuma yake. "Msanifu akakataa katakata. Hakusema kwa nini."

Ramani ilikuwa ukutani kwenye fremu. Muhuri ulikuwa wa Ijumaa ileile aliyoombwa angoje. Anyes aliisoma tarehe mara mbili.

Namba alikuwa bado anaikumbuka kichwani.

"Ipyana."

"Anyes. Uko wapi?"

"Maktaba. Kwa nini hukuniambia?"

"Kabla, nilikuwa mjinga. Baada, nilikuta shimo. Nikaona heri mnichukie mimi kuliko mjichukie wenyewe."

Anyes alilia mpaka wanafunzi wakainua vichwa. "Nilikosa. Nilikosa, mpenzi wangu. Rudi."

"Nilingoja mwaka mzima uniulize swali moja tu. Kilichoniumiza si shimo. Ni kwamba uliamini ningeweza. Nina mtu sasa, Anyes. Mwezi wa sita tunafunga ndoa."

Anyes akaegemea ukuta. Mvua ilipiga bati kwa nguvu.

"Mvua hiyo?" Ipyana akauliza.

"Mvua. Nje kote ni bwawa."

"Maji yamefika uwanjani?"

Akatazama. Maji yalikuwa yamekomea kwenye mitaro. Nyasi zilikuwa zimelowa tu.

"Hayajafika."

"Nilikuahidi," alisema, na Anyes akamsikia akilia. "Na Talatala je? Mama yuko salama?"

Asubuhi ile mjomba alikuwa amepiga simu kutoka Talatala. Maji yalikuwa yameufunika msalaba tangu juzi.

Anyes alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatuliza sauti yake.

"Kule pakavu," alisema. "Ndaga fijo, Ipyana. Nenda ukafunge ndoa."