Pumzi ya Tano

"Moja... mbili... tatu... nne..."

Watu wote wa darasa la yoga walikuwa wamekaa chini, migongo imesokotwa, mikono nyuma, jasho likidondoka kwenye mikeka. Pumzi zilipita kooni kwa mvumo, ndani, nje, zikiisubiri tano.

"Mwalimu, hiyo tano iko njiani au imeghairi?" mzee mmoja wa safu ya nyuma akauliza.

Watu wakacheka. Fundi cherehani hakucheka. Alikuwa amemwona Mwalimu, mchumba wake, akimwinamia Nesi kwenye mkeka wa mbele, na alimsikia akinong'ona:

"Wewe usijisokote. Kaa tu."

Katika yoga hii hakuna kuruka pozi. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaambia: ilitoka India, mwalimu akimkabidhi mwanafunzi pozi moja moja, kila moja na pumzi yake, na usipoliweza la leo hupewi la kesho. Hata Fundi, siku alipolia kwa maumivu ya kiuno, hakuruhusiwa kuruka. Na mwezi huu Nesi alimletea gauni lake la kazi alipanue kiunoni. Mara ya pili.

"Tano," Fundi akasema mwenyewe. Watu wakajiachia, wakihema.

Ukumbi ulipobaki mtupu, alimkuta Mwalimu akikunja mikeka.

"Miezi mingapi?"

"Ya nini tena, mpenzi?"

"Mimi nashona nguo. Viuno vya watu havinidanganyi."

Simu ya Mwalimu ikatetemeka sakafuni. Wote wawili wakausoma ujumbe wa Nesi:

"Umemwambia? Siwezi tena kumwangalia usoni. Dada wa watu ananishonea nguo."

Mwalimu akaketi chini kama gunia.

"Minne. Nisamehe."

"Gauni langu la harusi limebaki vifungo tu! Jana mama yako kanipigia, 'mkwe wangu, viatu unavaa saizi gani?' Naye anajua?"

"Hajui. Nakupenda wewe, haki ya Mungu."

"Na huyo aliye tumboni, utamwambia hivyo hivyo?"

Fundi akakaa mkekani, akajisokota vilevile, akimpa mgongo.

"Nihesabie."

"Usifanye hivyo, mpenzi."

"Si ulisema pozi likiwa gumu usikimbie, kaa nalo pumzi tano, halafu uachie? Nihesabie."

"Moja," akaanza. "Mbili... tatu... nne..."

Tano haikuja. Mwalimu alikuwa amefunika uso, mabega yakimtikisika.

Fundi akaivuta hewa mwenyewe, taratibu, akaitoa yote. Akajikunjua. Akavua pete, akaiweka juu ya mkeka, akaenda mlangoni kuvaa kandambili zake.

"Gauni langu nitalifumua," alisema bila kugeuka. "Kitambaa hakina kosa. Mwambie Nesi gauni lake la kazi liko tayari. Nimeacha nafasi ya kutosha kiunoni, litamfaa mpaka ajifungue."