Fizi za Baba

Kila asubuhi Salome na baba yake walitoka nje na jagi la maji, wakapiga mswaki pamoja huku baridi ya Sumbawanga ikiwauma vidole. Tangu mama alipofariki, nyumba yao ya Milanzi ilikuwa ya wawili tu.

Siku hizi, hata hivyo, baba yake, Teodori, alisukutua tu, kisha akaondoka haraka kwenda kwenye mashine yake ya kusaga nafaka.

"Baba, mbona hupigi mswaki?" Salome aliuliza.

"Mswaki ukigusa fizi tu, damu inatoka. Acha fizi zipumzike."

Jumamosi Salome alimpelekea baba chakula mashineni. Aliona wateja wakigeuza nyuso kila baba alipowasogelea. Kijana mmoja, Jastin, alimnong'oneza mwenzake, "Mshikaji, mdomo wa yule mzee unanuka!" Wakacheka. Baba hakusikia.

Jioni baba alikaa jikoni kwa unyonge. "Sijui nimewakosea nini watu. Hakuna anayetaka kuzungumza nami."

Machozi yalimlenga Salome. Akinyamaza, baba ataendelea kujilaumu. Akisema, atamuumiza. Alimshika mkono.

"Hujawakosea, baba. Ni mdomo wako unatoa harufu. Nisamehe kwa kukwambia."

Teodori aliinamisha kichwa. "Na jino moja linacheza," alisema. "Nilikuwa naogopa."

Walikwenda pamoja kliniki ya meno mjini. Daktari Sauda alimpima baba, akasema ana ugonjwa wa fizi. Kwanza alimwondolea ukoga uliogandamana kwenye meno na kuwa mgumu kama jiwe. Waliporudi kuangaliwa tena, alichukua kifaa chembamba kinachopuliza hewa, maji na unga.

"Unga?" baba alishtuka. "Mimi ni msagaji, daktari. Unga si utanikwaruza?"

Daktari alitabasamu. "Wa chengachenga ungekukwaruza, mzee. Huu ni laini sana, na unayeyuka kwenye maji. Unaondoa utando wa vijidudu uliojificha chini ya fizi, mahali mswaki haufiki."

Salome alimshika baba mkono kifaa kilipoanza kuvuma. Taratibu vidole vya baba vililegea.

"Basi nigawie kidogo nikasugulie nyumbani," baba alisema alipomaliza kusukutua.

"Hapana. Unga huu hausuguliwi, unapulizwa na mtaalamu. Wala usijaribu majivu au mkaa. Nyumbani tumia mswaki laini na dawa ya meno, asubuhi na kabla ya kulala. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki. Safisha taratibu, kisha njoo tukuangalie."

Baba alifuata maagizo. Miezi ilivyopita, damu ilikoma na harufu ikaisha. Jino nalo lilikaza kiasi, ingawa daktari alimtaka aendelee kwenda kliniki. Mashineni, wateja walianza tena kubaki na kupiga soga naye.

Siku moja wakitoka kliniki, baba alisimama kando ya barabara, akamwekea Salome mkono begani.

"Wengine waliisikia harufu, wakanikwepa tu," alisema. "Wewe uliniambia ukweli, tena kwa upole, ndiyo maana nikapata tiba kabla jino halijang'oka. Mwanangu, ukimpenda mtu usimwache aumie kwa sababu unaona haya kusema. Na mwili wako ukikuonyesha dalili, usizifiche kama nilivyofanya mimi."