Vichupa Viwili vya Droo ya Chini

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni, watu wanasukumana, daktari wa usingizi alipojipenyeza mbele na nguo zake za kijani za chumba cha upasuaji, kofia ya maua imempinda kichwani.

"Glaikopirolati, kaka! Nina bibi wa watu mezani."

Mfamasia alikuwa na koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi na macho ya utani. "Atropini haikufai?" aliuliza, na jibu alilijua.

"Dawa ya kuizindua misuli baada ya upasuaji inapunguza mapigo ya moyo, lazima niipe mwenzake wa kuushikilia. Atropini inaukurupusha, tena wazee inawapanda kichwani, wanachanganyikiwa. Hii yako inakwenda taratibu."

"Basi chukua. Na kofia uinyooshe, bibi asije akaamka akashtuka."

Daktari alicheka njia nzima. Jioni alimpigia kumshukuru, kesho yake akapigiwa yeye, na baada ya miezi mitatu simu hizo hazikuwa na habari ya kazi hata chembe. Humo ndimo daktari alimotoa lililokuwa likimkosesha raha: mama yake, mwenye moyo dhaifu, angepasuliwa mfuko wa nyongo Alhamisi.

"Usijali, mpenzi," mfamasia alimwambia. "Mama atakuwa salama."

Jumanne daktari aliletewa mgonjwa wa kupasuliwa, fundi viatu, mzee wa miaka sabini na tisa. Daktari akaenda dirishani kuomba dawa ile ile.

"Imeisha," mfamasia alisema bila kumtazama.

Akatumia atropini. Moyo wa mzee ulikwenda mbio hadi mashine ikapiga kengele. Ulitulia, lakini mpaka alasiri mzee alikuwa akimuuliza mkewe, "Wewe ni nani?"

Jumatano daktari alipitia famasi, akavuta droo ya chini kutafuta kalamu. Vichupa viwili vya glaikopirolati vilikuwa humo, vimefungwa karatasi iliyoandikwa "Mama".

"Hivi ni nini?"

"Nilimfikiria mama yako, mpenzi."

"Na fundi viatu hakuwa na wa kumfikiria? Umenidanganya kwa kunipenda. Siku ukinichukia itakuwaje?"

Daktari alivirudisha rafuni kwa mkono wake, akijua fika anachomnyima mama yake. Kabla ya jioni vilikuwa vimemfaa mgonjwa mwingine. Simu iliita mara saba, hakupokea. Alilia, kwa sababu alimpenda na hakujua tena kama anaweza kumwamini.

Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha upasuaji, amevaa gauni la kawaida, binti wa mgonjwa tu. Daktari mwenzake ndiye aliyekuwa ndani. Mfamasia akatokea, hana koti, shati limelowa jasho, mikono mitupu.

"Nimezunguka hospitali nne," alisema. "Sikupata hata kichupa kimoja. Wanamtayarishia atropini."

Daktari alimtazama usoni, akaona ni kweli tupu.

"Nimemweleza mkuu wangu kila kitu, amenipa barua ya onyo. Nikaenda wodini kuomba radhi. Mke wa fundi alinifukuza."

"Na mzee?"

"Mzee akaniita nirudi."

Daktari alisogea kidogo. Mfamasia akaketi. Walikaa hivyo saa nzima na nusu, na katikati yake vidole vyao vikashikana, asijulikane nani alianza.

Mlango ulipofunguliwa, daktari mwenzake alishusha barakoa. "Moyo ulikimbia kidogo, ingawa atropini nilimpa polepole. Yuko sawa, ila kichwa bado hakijatulia."

Wakaingia. Mama alifumbua macho, yakampita binti yake, yakamganda mfamasia ambaye hajapata kumwona maishani.

"Mkwe wangu," alisema, "mbona umekonda hivi? Huyu mtoto wangu hakulishi?"

Muuguzi akainama haraka. "Ni dawa, mama. Huyu si mkwe wako..."

"Mwache," alisema daktari wa usingizi, mkono wake haujaachia ule wa mfamasia. "Hapo hajakosea."