Aliyezikwa Mezani

Shemeji yangu alikuwa fundi vioo, na kwa majivuno yake ungedhani jua nalo hulikata yeye. Dada alimpenda, mimi nilimvumilia kama jino bovu. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, tulikaa sebuleni kwao kucheza dhumna: yeye, mimi na jirani yao, bibi mmoja mshonaji. Dada alikuwa pembeni akikunja nguo.

Dhumna zilikuwa za bibi. Kete zake za mbao ni bapa, zina pande sita, kila upande na nukta zake. Unaweka kete ubavuni mwa nyingine, nukta zilingane. Ukiizingira kete ya mwenzako pande zote sita, unamwambia, "Nimekuzika." Naye lazima ajibu, "Bado." Asipojibu, mchezaji mwingine anaweza kumjibia, mradi kete inayofuata haijawekwa.

"Upuuzi wa wazee," alisema shemeji. Kwake kila kitu kilikuwa upuuzi, isipokuwa sauti yake mwenyewe.

Bibi aliweka kete ya sita. "Nimekuzika, mwanangu."

Shemeji akacheka, akajinyoosha kitini.

"Jibu," bibi alinong'ona.

"Jibu tu, mume wangu," alisema dada. "Kwani unapungukiwa nini?"

"Mimi niongee na vipande vya mbao?"

Dada akanigeukia. "Basi mjibie wewe. Mimi simo mchezoni."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilimtazama mwanamume yule anavyochokonoa meno, nikasema moyoni: acha azikwe, labda atanyamaza. Ilikuwa zamu yangu. Nikaweka kete.

Jumatatu alilalamika kwamba mlango wa karakana yake umekuwa mwembamba. Jumanne alishindwa kuifikia rula iliyokuwa mbele ya pua yake. Niliona kwa macho yangu: vidole vilikunjika hewani, kucha zikapauka, kama zimegonga kioo. Hapakuwa na kioo. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Jumatano hakuweza kusimama. Tulimkuta sakafuni karakanani, magoti yamegusa kidevu. Tulimvuta. Hakuvutika. Mikono yetu ilipita hewani bila kuzuiwa. Yake haikupita.

"Bado," alikuwa akisema. "Bado. Bado." Alikuwa miguuni petu, lakini sauti ilitoka mbali.

Bibi aliitwa. Alitazama, akatikisa kichwa.

"Kete nyingine ilishawekwa," alinong'ona. "Aliiweka nani?"

Dada alinitazama.

Saa tisa alasiri, shemeji alinyamaza.

Baada ya hapo mwili ulivutika, ila fundi wa majeneza alipojaribu kuunyoosha alishindwa. Alipima mara mbili, akaenda zake. Alirudi na sanduku fupi, pana, lenye pande sita. Hakuna aliyemwagiza hivyo, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa ni mwezi wa nane tangu tumzike. Dada hufagia karakana kila asubuhi, ila pale alipofia mumewe hapana haja. Vumbi halitui. Pana pande sita, na sakafu inang'aa.

Juzi nilimkuta amekaa kando ya pale.

"Neno moja tu," aliniambia. "Lilikushinda?"

Nililia. Hakunibembeleza, na sikustahili. Nilipoinamisha kichwa ndipo nikaona: ubavuni mwa pale, upande kwa upande, vumbi limeanza kujitenga kwa mara ya pili, likiacha pande sita nyingine.

Dada ameshaliona. Kila nikienda kumtembelea, hunikaribisha kwa upole, na kiti changu hukiweka hapo pa pili.